Kicheko Kinachofikirisha: Nafasi ya Tashtiti katika Ufundishaji wa Sayansi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ucheshi na tashtiti zinavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa sayansi kuwaza kwa kina badala ya kukariri. Tunaanza kwa kubainisha dhana, kisha tunaonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili, simulizi na andishi, ina hazina ya kejeli iliyobeba kanuni zile zile anazozitegemea mwanasayansi maabarani. Baada ya hapo tunahakiki mifano mitatu ya tashtiti ya kisayansi kutoka ng'ambo, tunapendekeza somo moja la mfano na kutaja mipaka ya mbinu hii. Hoja yetu kuu ni kwamba tashtiti ni jaribio la kimawazo: huichukua hoja, ikaisukuma hadi mwisho wake, ikatuonyesha pale inapovunjikia.

1. Utangulizi

Imezoeleka katika vyuo vyetu kuamini kwamba sayansi ni uwanja wa ukweli na fasihi ni uwanja wa mapambo. Kutokana na imani hiyo, mwalimu wa kemia huchukulia kicheko darasani kuwa dalili ya utovu wa nidhamu, naye mwalimu wa fasihi huchambua kinaya bila kujiuliza kama kinaya hicho kina kazi yoyote nje ya tamthilia na riwaya. Pande zote mbili hupoteza.

Mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio nchini Kenya mwaka 2017 umetaja kuwaza kwa kina na kutatua matatizo miongoni mwa umilisi wa kimsingi unaokusudiwa kwa kila mwanafunzi. Lengo hilo ni zuri. Hata hivyo, kulitaja si kulifikia. Mwanafunzi anaweza kuikariri fasili ya nadharia tete neno kwa neno, akaiandika katika mtihani na kupata alama zote, kisha jioni hiyo hiyo akaamini tangazo la dawa inayotibu maradhi 40. Ana maarifa, lakini hajajifunza kuyatumia kuuliza.

Swali letu basi ni hili: ni nini kinachoweza kumzoesha kuuliza? Jibu tunalolitoa, ambalo kwa hakika si jibu pekee, ni tashtiti.

2. Kubainisha Dhana

Ucheshi ni istilahi pana inayojumuisha kila kinacholeta kicheko, uwe mzaha, utani au vitimbi. Kejeli na stihizai hulenga kudhihaki. Kinaya huzuka pale kinachosemwa au kinachotokea kinapopingana na kilichotarajiwa. Tashtiti hutumia zana hizi zote, ila huwa na shabaha: hucheka ili kufichua kasoro na, ikiwezekana, kuirekebisha. Ucheshi unaweza kukoma kwenye kicheko. Tashtiti haitosheki mpaka kicheko kizae swali.

Ama kuwaza kwa kina, dhana ambayo baadhi ya wataalamu huiita fikra tunduizi, ni uwezo wa kuipima hoja kwa ushahidi kabla ya kuikubali au kuikataa. Mwanafunzi wa fasihi ataona mara moja kwamba huu ni uhakiki. Tunapouliza iwapo msimulizi anaaminika, ana maslahi gani, na amekificha nini, tunafanya kazi inayofanana sana na ya mwanasayansi anayesoma ripoti ya mwenzake. Tofauti ni kwamba sisi tunahakiki matini, naye anahakiki data.

3. Urithi Wetu wa Kejeli

Kabla ya kuvuka bahari kutafuta mifano, yafaa tuanzie nyumbani.

Miongoni mwa hekaya zinazosimuliwa kumhusu Abunuwasi, ipo ya sufuria iliyozaa. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake na kueleza kwamba imezaa. Jirani anafurahi na kuipokea. Siku nyingine Abunuwasi anaiazima tena, lakini mara hii harudishi kitu. Anapoulizwa, anajibu kwamba sufuria imekufa. Jirani anapandwa na hasira na kushikilia kwamba sufuria haiwezi kufa. Kumbe ilikuwa inaweza kuzaa! Katika hekaya hii fupi mna kanuni nzito ya kisayansi, kwamba kipimo cha ushahidi hakibadiliki kwa kuwa matokeo yanatupendeza au yanatuudhi. Aliyekubali uzazi wa sufuria bila kuuliza hana haki ya kudai uthibitisho wa kifo chake.

Hekaya nyingine ni ya maskini aliyeahidiwa malipo akimudu kukaa usiku kucha katika maji ya baridi. Anamudu, lakini ananyimwa haki yake kwa sababu eti aliuona moto uliokuwa ukiwaka mbali na hivyo akaupata ujotojoto wake. Abunuwasi anawaalika wakubwa kwenye karamu, anakiweka chungu mbali na moto, na kuwangojesha mpaka njaa iwatie adabu. Wanapolalamika kwamba chungu hakiwezi kuchemka kikiwa mbali hivyo, wanakuwa wamejihukumu wenyewe. Abunuwasi hakubishana nao. Alilichukua dai lao, akalijaribu mbele ya macho yao. Mwalimu wa fizikia anaweza kuanzia papo hapo: joto linalosambaa kutoka kwenye chanzo kidogo hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha umbali. Ukiongeza umbali mara 2, unapata robo. Ukiuongeza mara 10, unapata sehemu 1 kwa 100. Mwanafunzi aliyekwisha kucheka na wale wakubwa wenye njaa hataisahau kanuni hiyo kwa urahisi.

Methali nazo hazikubaki nyuma. Wahenga waliposema kwamba jogoo awike asiwike kutakucha, walikuwa wanamdhihaki jogoo anayejiona ndiye anayeleta alfajiri. Methali hii hutumiwa kuwaumbua wenye majivuno, lakini ndani yake mna somo la usababishi: mambo mawili kutokea pamoja si ithibati kwamba moja limelisababisha jingine. Isitoshe, wahenga wametuachia hata mbinu ya kulithibitisha hilo. Mnyamazishe jogoo, kisha ungoje uone kama kutakucha.

Mchongoano, ambao vijana wetu huucheza katika viwanja vya shule na ambao hufundishwa katika fasihi simulizi, hutegemea chuku. Tuseme mchezaji anamwambia mwenzake: "Chumba chenu ni kidogo hivi kwamba mwale wa jua ukiingia, nyinyi hulazimika kutoka." Wasikilizaji hucheka kwa sababu wanajua kuna jambo lisilowezekana. Ni jambo gani? Ili kulijibu swali hilo, sharti mwanafunzi aeleze kwamba mata huchukua nafasi ilhali mwanga haujazi chumba kama mata inavyokijaza. Kicheko kilitangulia, maelezo yakafuata.

Katika fasihi andishi, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, akatuchorea nchi iliyo angani ambayo jina lake lenyewe limetokana na kitenzi kusadiki. Humo, wajumbe 6 waliotumwa kutafuta maarifa katika pande mbalimbali wanarudi na mambo ya manufaa, nao wanaadhibiwa kwa sababu yaliyoletwa yanapingana na yaliyozoeleka. Mmoja wa wajumbe hao anaitwa Buruhani, yaani ushahidi. Riwaya hii husomwa kama tashtiti ya utawala, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, inaweza pia kusomwa kama tashtiti ya jamii inayosadiki kabla ya kupima, na inayomfunga Buruhani anaporejea nyumbani.

4. Mifano Mitatu ya Tashtiti ya Kisayansi

4.1 Kemikali Hatari

Mwaka 1997, mwanafunzi wa umri wa miaka 14 katika jimbo la Idaho, Marekani, aliwapa wanafunzi wenzake 50 maelezo kuhusu kemikali iitwayo dihaidrojeni monoksidi. Mzaha wenyewe ulikuwa umeanza kabla yake. Maelezo yalisema kwamba kemikali hiyo huua mtu ikiingia mapafuni, huharakisha kutu, ni sehemu kubwa ya mvua ya asidi, huunguza ikiwa katika hali ya gesi, na imepatikana katika vivimbe vya saratani. Kisha akawauliza iwapo ipigwe marufuku. Wanafunzi 43 walikubali, 6 hawakuwa na uhakika, na 1 pekee ndiye aliyetambua kemikali yenyewe ni nini. Ni maji.

Kila kilichosemwa kilikuwa kweli. Uongo haukuwemo hata chembe. Kilichowapotosha wanafunzi hao ni uteuzi wa yaliyosemwa na, zaidi ya yote, uteuzi wa msamiati. Weka neno "maji" mahali pa istilahi ile, na hofu yote itayeyuka. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapostahili kusikilizwa, kwa kuwa suala hili ni la rejesta. Nchini mwetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza baada ya madarasa ya mwanzo, na wanafunzi wengi huzipokea istilahi kama watu wanavyopokea maneno ya mganga: kwa heshima na bila kuuliza. Mwalimu anayewataka wanafunzi wayaeleze kwa Kiswahili chepesi yale waliyoyasoma hawapunguzii sayansi hadhi. Anaivua istilahi joho lake ili waone kama ndani yake mna mtu.

4.2 Parachuti Isiyookoa

Mfano wa pili unatoka katika BMJ, jarida la matibabu la Uingereza. Mwaka 2003 jarida hilo lilichapisha makala ya Gordon Smith na Jill Pell, yaliyodai kwa sauti ya kitaalamu kabisa kwamba hakuna jaribio la kubahatisha lililowahi kuthibitisha kuwa parachuti humkinga mtu anayeruka kutoka kwenye ndege. Mwaka 2018 watafiti wengine walilifanya jaribio hilo. Waliwagawa washiriki 23 katika makundi mawili kwa kubahatisha: kundi moja likaruka na parachuti, jingine likaruka na mkoba mtupu mgongoni. Matokeo hayakuonyesha tofauti yoyote. Parachuti haikupunguza vifo wala majeraha.

Msomaji wa ikisiri pekee angefunga jarida hapo na kwenda kuwashauri wanahewa waache kubeba mizigo isiyo na faida. Msomaji mvumilivu angekuta kwamba ndege zile zilikuwa zimesimama ardhini na kwamba washiriki waliruka kutoka kimo cha wastani wa mita 0.6. Waliokuwa tayari kushiriki ni wale tu ambao hawakuwa katika hatari yoyote! Tashtiti hii inatukumbusha kwamba jaribio linaweza kufuata utaratibu wote likatoa jibu lisilo na maana, ikiwa swali limeulizwa kwa watu wasiofaa. Inafundisha pia kwamba ikisiri haitoshi, onyo ambalo wasomaji wa jarida hili wanaweza kulitumia kwa makala haya pia.

4.3 Maharamia na Joto la Dunia

Mwaka 2005, Bodi ya Elimu ya jimbo la Kansas, Marekani, ilipokuwa ikijadili namna nadharia ya mageuko inavyostahili kufundishwa, Bobby Henderson aliiandikia barua ya kejeli iliyopata umaarufu mkubwa. Katika barua hiyo alieleza kwamba joto la dunia limepanda kwa sababu maharamia wamepungua tangu miaka ya 1800, akaambatisha na grafu ya kuthibitisha. Mistari ya grafu ilielekea kulikotakiwa. Mjadala wa Kansas si mada yetu, lakini grafu ile ni ndugu wa jogoo wetu. Idadi ya maharamia na joto vinaweza kupishana karne nzima bila kimoja kukijua kingine.

Yafaa kuongeza kwamba wanasayansi wenyewe hawakikimbii kicheko. Tuzo za Ig Nobel, zilizoasisiwa mwaka 1991, hutolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Andre Geim alishiriki tuzo hiyo mwaka 2000 kwa kumwelesha chura hewani kwa nguvu ya sumaku. Mwaka 2010 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa utafiti kuhusu grafini. Mwaka 2006 tuzo ya kichekesho ya biolojia ilikwenda kwa watafiti walioonyesha kwamba mbu wa kike wa Anopheles gambiae huvutiwa na harufu ya jibini ya Limburger sawa na anavyovutiwa na harufu ya miguu ya binadamu. Tunaweza kucheka, lakini mbu huyo ni mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria barani Afrika, na kuijua harufu inayomvuta ni hatua ya kumtegea mtego.

5. Somo la Mfano

Tunapendekeza kipindi kimoja cha dakika 40 katika shule ya sekondari, ambacho mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wanaweza kukiandaa kwa pamoja.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Mwalimu anasimulia hekaya ya sufuria bila kuifasiri. Anauliza tu: jirani alikosea wapi, siku ya kwanza au siku ya pili?

Hatua ya pili (dakika 10): Wanafunzi wanasoma tangazo fupi kuhusu dihaidrojeni monoksidi na kupiga kura. Kura ni ya siri, ili asiwepo wa kuchekwa.

Hatua ya tatu (dakika 10): Mwalimu anafichua kwamba ni maji. Kicheko kikishatulia, wanafunzi wanaorodhesha maswali ambayo yangewaokoa. Kwa kawaida maswali ya msingi ni manne: Kitu hiki kinaitwaje kwa lugha yangu? Ni kiasi gani kinachodhuru? Ni nini kimeachwa bila kutajwa? Anayesema anafaidi nini nikikubali?

Hatua ya nne (dakika 15): Kila kikundi kinatunga mchongoano au tangazo la kejeli linalovunja kanuni moja ya sayansi. Vikundi vingine vinaitaja kanuni iliyovunjwa na kueleza jaribio linaloweza kuithibitisha.

Hatua hii ya mwisho ndiyo muhimu zaidi. Mtu hawezi kuikejeli kanuni asiyoielewa. Anayetunga upuuzi unaochekesha lazima ajue barabara ukweli uko wapi, ndipo aukwepe kwa makusudi.

6. Mipaka ya Tashtiti

Tashtiti ni kisu, na kisu hakijui nyama ya kukatwa na kidole cha mkataji. Hivyo basi hatuna budi kutaja hatari tatu.

Ya kwanza ni kukosea shabaha. Mwaka 2011, maelfu ya watu kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 za Tanzania. Iliaminika kwamba dawa hiyo ilitibu maradhi sugu, ukiwemo UKIMWI. Baadhi yao walifia njiani au kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Mgonjwa aliyekata tamaa si shabaha ya tashtiti. Kumcheka ni ukatili. Kinachostahili kupimwa ni hoja: tulizipokea kwa furaha shuhuda za waliosema wamepona, tukasahau kwamba waliokufa hawatoi ushuhuda. Hii ni sufuria ya Abunuwasi, ila mara hii iligharimu uhai wa watu. Desturi ya utani inatuonyesha njia. Mtani huruhusiwa kusema yasiyosemeka, hata msibani, kwa sababu yeye ni mwenzetu na huja pia kusaidia kuzika. Mwalimu asiyewapenda wanafunzi wake asithubutu kuwakejeli.

Ya pili ni tashtiti kugeuzwa silaha ya wenye nguvu. Mzaha wa maji unaweza kutumiwa vibaya kuwadhihaki wote wanaohofia kemikali. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walilalamika kwa miaka kuhusu kiwanda cha kuchakata betri kilichokuwa jirani yao. Wengi wao hawakuwa wanakemia, lakini hofu yao ilikuwa ya haki, kwani madini ya risasi yalikuwa yameingia katika damu yao na ya watoto wao. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Je, mwanafunzi atatofautishaje kati ya hofu ya maji na hofu ya risasi? Hatatofautisha kwa kucheka. Atatofautisha kwa kuyauliza yale maswali manne tuliyoyataja. Yakiulizwa kuhusu maji, hofu inaporomoka. Yakiulizwa kuhusu risasi, hofu inathibitika. Mwalimu anayefundisha mfano wa kwanza bila wa pili amefundisha nusu ya somo, na huenda ikawa nusu iliyo mbaya.

Ya tatu ni kejeli kuaminiwa. Kinaya humhitaji msikilizaji anayejua kinyume chake. Kwa hiyo mwalimu asiwaache wanafunzi waondoke darasani kabla hajaufichua mzaha na kuueleza, hata kama kuueleza kutaupunguzia ladha. Mchekeshaji jukwaani ana ruhusa ya kuliacha fumbo likining'inia, lakini mwalimu hana ruhusa hiyo.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tashtiti na sayansi si mahasimu. Zote mbili hukataa kusadiki kwa sababu tu mkubwa amesema, na zote hulisukuma dai hadi lionyeshe uthabiti au udhaifu wake. Tumeonyesha pia kwamba mbinu hii haikuletwa kwetu na meli. Imo katika hekaya, methali na michongoano tunayoihakiki kila siku katika kozi zetu, ingawa tumezoea kuishia kwenye dhamira na fani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili wanaojiandaa kuwa walimu washirikiane na wenzao wa sayansi kukusanya hekaya, methali na michongoano iliyobeba kanuni za kisayansi, ili ipatikane katika maktaba za shule. Pili, utafiti wa nyanjani ufanywe kuhusu namna wanafunzi wa sekondari wanavyozielewa istilahi za sayansi zinapoelezwa kwa Kiswahili na kwa ucheshi, zikilinganishwa na zinapokaririwa. Kuna ishara kwamba tutapata mengi, lakini ishara si ithibati, na makala haya yangejikejeli yenyewe kama yangedai matokeo kabla ya utafiti kufanywa. Jogoo wetu amewika. Kama kutakucha au la, hilo linangoja kupimwa.